Meli ikitia gati Saint Lucia: anza mbali, malizia sokoni

Tangu nirudi kutoka Marekani kulea mjukuu, naulizwa swali moja karibu kila wiki, sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, ninapouzia ndizi na hata kwenye jumuiya baada ya sala: ile meli ya kitalii ikisimama kisiwani siku moja tu, mtu anaifanyia nini hiyo siku? Watoto wetu walioko kule wamezoea. Wakipata likizo wanatupandisha melini pamoja na wajukuu. Mwanangu ni nesi Florida, na Februari 2025 alitupeleka Karibi, siku kumi, visiwa vinne. Kisiwa cha kwanza nilikipoteza chote. Nilizunguka maduka ya saa na mikufu palepale bandarini hadi miguu ikavimba, nikarudi melini sina la kumsimulia mtu. Cha tatu, Saint Lucia, nilikipata. Hicho ndicho nitakachowaelekeza, maana wawili kati ya walioniuliza wanasafiri mwaka huu.

Kazi inaanzia nyumbani, kwenye karatasi. Meli ikitoka Florida, wewe umeshatoka Marekani. Ikirudi, unaingia upya. Kwa hiyo tazama viza yako kabla mtoto hajalipa nauli: inakuruhusu kuingia mara ngapi? Kama ni mara moja na umeshaitumia, usipande meli hata wakubembeleze vipi. Mwambie pia mtoto aiandikie kampuni ya meli na kuuliza, kisiwa kimoja kimoja, kama mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza, na jibu alitunze kwa maandishi. Wengine wao sasa wana pasipoti za kule, wanasahau kwamba ya kwetu haifungui milango ileile. Na beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Ni kikaratasi kidogo, lakini ukikiacha kabatini Moshi hakuna wa kukuletea.

Halafu saa. Hapa ndipo sisi Waswahili tunaweza kuumia kuliko abiria mwingine yeyote. Kila jioni inaletwa chumbani karatasi ya ratiba ya kesho. Yetu iliandikwa meli inafika 8:00, abiria wote wawe ndani 16:30, inaondoka 17:00. Nikatoa daftari langu la mauzo nikaandika kwa lugha yangu: saa mbili asubuhi, saa kumi na nusu jioni, saa kumi na moja. Fanya hivyo kwa mkono wako mwenyewe. Dereva akikwambia kwa Kiingereza mtakutana saa nne, anakusudia saa kumi yetu, na mtu aliyechoka kwa jua anaweza kabisa kuchanganya. Uliza pia kama saa ya meli na saa ya kisiwa ni moja. Saint Lucia haibadilishi saa mwaka mzima, na mwezi Februari iko mbele ya Florida kwa saa moja. Simu ikishika mtandao wa nchi kavu inajirekebisha bila kukuambia. Mimi nilivaa saa ya mkono, nikaiweka sawa na ya meli, na hiyo ndiyo niliyoifuata kutwa. Ukitaka kupiga simu nyumbani, piga asubuhi: kule saa mbili asubuhi, Moshi ni saa tisa alasiri.

Sasa piga hesabu kwa kurudi nyuma. Anza na saa kumi na nusu jioni. Toa saa nzima ya tahadhari, unabaki na saa tisa na nusu. Toa saa moja na nusu ya soko, unafika saa nane mchana. Hapo lazima uwe umesharudi Castries, mji mkuu. Kutoka Soufrière, mji wa volkano na chemchemi za moto upande wa kusini-magharibi, ni saa moja na nusu njiani, kwa hiyo saa sita na nusu gari liwe limegeuza. Asubuhi, kuteremka melini na kumpata dereva kulitula nusu saa. Tukaondoka saa mbili na nusu, tukafika Soufrière saa nne. Kumbe kule mbali ulikuwa na saa mbili na nusu tu za kutembea na kutazama. Ukilijua hilo mapema, huwezi kujidanganya na orodha ya mambo saba.

Ndiyo maana nasema anza mbali. Gari likipata pancha, mvua ikinyesha, foleni ikitokea, kinacholiwa ni muda wa soko, na soko liko jirani na meli. Ukianza sokoni, kitakacholiwa ni meli. Mimi mfanyabiashara wa soko nilitaka kuanza na soko, nikabishana na mwanangu wakati wa chai. Alikuwa na haki. Meli inayasubiri matembezi iliyoyaandaa yenyewe. Aliyejitafutia gari hasubiriwi. Na kisiwa cha jirani upande wa kaskazini ni Martinique, ambacho ni sehemu ya Ufaransa. Mwenye pasipoti yetu akiachwa hawezi kukata tiketi tu akaifukuzia meli huko. Kabla ya kuteremka, piga picha ile karatasi ya ratiba, maana ina namba ya simu ya wakala wa bandarini, na ndiye wa kumpigia mambo yakiharibika. Kadi ya meli na kitambulisho chenye picha viwe kwenye pochi iliyofungwa mwilini.

Nguo: kofia, viatu vya kufunga, na chochote chenye madoadoa ya kijeshi kibaki chumbani, hata kofia ya mtoto. Sheria ya pale inakataza raia kuvaa hivyo, kama kwetu.

Gati tulilofikia linaitwa Pointe Seraphine, ng'ambo ya ghuba kutoka mjini, mwendo wa dakika kama ishirini kwa miguu. Madereva wako pale nje. Teksi zenye leseni zina namba inayoanza na TX. Kabla ya neno lolote la bei, salimia. Nasisitiza, kwa sababu niliona wageni wakimwendea mtu na "bei gani?" midomoni, na uso wa mtu yule ukifunga palepale. Kiingereza ndiyo lugha ya serikali, lakini wenyewe wakiwa kwao wanazungumza Kikrioli chenye maneno ya Kifaransa, kwani Wafaransa na Waingereza walinyang'anyana kisiwa hicho mara 14. Nilijifunza mawili: "bonjou" asubuhi, na "mèsi" kwa asante. Yalinifungulia kuliko dola.

Bei ikija, uliza mambo mawili papo hapo. Kwanza, ni ya gari zima au ya kila kichwa? Pili, ni dola ya nani? Kisiwa kinatumia dola ya Karibi Mashariki, na dola moja ya Marekani inabadilishwa kwa 2.70 ya hiyo. Kiwango hicho kimekaa vilevile tangu 1976. Mtu akikutajia ishirini, tofauti ya ishirini na ishirini ni kubwa. Beba noti ndogondogo za Marekani, wanapokea, chenji watakupa ya kwao. Malipo yote yawe mwisho wa safari, mkiwa mmerudi salama. Hiace za abiria zipo pia, tena kwa sura ni ndugu wa zile za Himo, lakini zinasubiri kujaa. Siku ya meli usizitegemee kwa Soufrière.

Dereva tuliyempata alikuwa kijana wa makamo, mpole, aliyeniita mama tangu dakika ya kwanza, nami nikamwita mwanangu. Walikuwa wanajiandaa na sherehe za uhuru, tarehe 22 Februari, na bendera zilikuwa kila nguzo: buluu, na katikati pembetatu nyeusi yenye ukingo mweupe na ya njano chini yake. Akasema pembetatu zile ni Pitons, ile milima tunayoifuata. Kisha akamtaja Julien Alfred, binti wa Castries aliyeshinda mbio za mita 100 Paris mwaka 2024, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya nchi yao. Nchi ya watu wachache kuliko Manispaa yetu ya Moshi. Alisimulia hadi akapunguza mwendo.

Barabara ya magharibi inapinda kama ya Mombo kwenda Lushoto, juu, chini, kona juu ya kona. Anayechefuka akae mbele na atafune tangawizi. Ila usisinzie, hasa mkifika bonde la Roseau, ambako ndizi zimejaa bonde zima. Kila mkungu umevishwa mfuko wa plastiki wa buluu. Nilimwomba dereva asimame. Miaka ishirini na sita nauza ndizi, sijawahi kuona mkungu uliovishwa nguo. Akanieleza kwamba mfuko unazuia wadudu, na unazuia majani yasilikwaruze ganda upepo ukipiga, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya hataki doa. Zamani meli zilichukua ndizi zao kila wiki kwenda Uingereza, na kwa ndizi hizo watu walijenga nyumba na kusomesha. Kisha miaka ya 1990 nchi nyingine zilishtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani kwamba visiwa hivi vinapendelewa, zikashinda, na wakulima wadogo wakaanza kuachia mashamba. Nilimsikiliza nikamwona baba yangu Kilema, na gunia la kahawa ambalo mwaka mmoja lilishindwa kulipa ada yangu ya shule. Ukiwa na dereva anayesimulia, mwache asimulie. Mwombe pia asimame njiani kwenye mkate wa muhogo unaookwa juu ya sufuria pana; kula ukiwa wa moto.

Soufrière ni jina la Kifaransa lenye maana ya mahali pa kiberiti, na harufu inakupokea kabla hujafika. Marehemu kaka yangu alikuwa mpagazi mlimani, alikuwa akituambia kwamba kwenye kreta ya Kibo unasikia harufu ya mayai yaliyooza ikitoka ardhini. Mimi niliyezaliwa chini ya mlima ule ule sikuwahi kuinusa, hadi nilipovuka bahari. Pale kwenye chemchemi za kiberiti gari linafika karibu kabisa, na kutoka kwenye uzio unaona maji meusi yakichemka na mvuke ukipanda. Volkano haijafa, mwaka 1766 ilipasuka mvuke mkubwa. Usivuke uzio kwa ajili ya picha. Zamani wageni walitembezwa juu ya udongo ule, mpaka mwongozaji mmoja akatumbukia na kuungua. Tumia choo cha pale pia, ni kisafi, na mbele hakuna uhakika.

Chini kidogo kuna madimbwi ya kuogea, maji ya moto na tope la kijivu unalojipaka ukaliacha likauke, kisha ukajisuuza. Ingia. Magoti yangu yalishukuru. Lakini sikiliza: vua kila kitu cha fedha, kwa sababu kiberiti kinaigeuza fedha kuwa nyeusi, na pete ya mkwe wangu iligeuka mbele ya macho yetu. Vaa nguo ya kuogelea ya rangi ya giza au ya zamani, doa halitoki. Mwenye presha asikae zaidi ya dakika chache, anywe maji, na asiinuke ghafla. Mimi mwenye presha nilikaa dakika saba kwa saa ya mkono, mwanangu akinishika mkono kutoka.

Kutoka pale mtaiona Pitons, milima miwili iliyochongoka ikitoka baharini moja kwa moja, mkubwa karibu mita 800 na mdogo mita 743. UNESCO iliiandika urithi wa dunia mwaka 2004. Vijana watataka kuupanda ule mkubwa. Unapandwa na mwongozaji kutoka kijiji cha Fond Gens Libre, jina linalomaanisha bonde la watu huru, kwa sababu watumwa waliotoroka walijificha huko. Kwa mtoto aliyekulia Marangu mlima wenyewe si kitu, ila kwenda na kurudi unakula saa nne au zaidi, na mmeshaona hesabu yetu. Siku ya meli, utazameni tu.

Ufukweni tulikaa nusu saa. Fukwe zote ni za umma, usikubali kufukuzwa mchangani. Hatari moja ya kuijua ni mti unaoitwa manchineel. Una matunda kama matofaa madogo ya kijani, yanayonukia vizuri, na ni sumu. Utomvu wake unababua ngozi, hata mvua inayochuruzika kwenye majani yake inaunguza. Ni mnyaa wetu wa uani, ila mkali mara nyingi zaidi. Mingine imepakwa alama nyekundu, mingine haina. Mwambie mjukuu asiokote tunda lolote la ufukweni.

Saa sita na nusu tukageuza. Mwanangu alitaka dakika kumi zaidi, nikamwambia, "Baba, tulikubaliana asubuhi." Tukageuza.

Saa nane kasoro dakika chache tulikuwa Castries, na kabla ya soko nikaomba tuingie kanisani, kanisa kuu lililo pembeni ya uwanja wa Derek Walcott. Kwenye uwanja huo kuna sanamu za wazaliwa wawili wa mji huo waliopata tuzo ya Nobel: Arthur Lewis wa uchumi mwaka 1979 na Walcott wa fasihi mwaka 1992, wote wamezaliwa tarehe 23 Januari. Ndani ya kanisa, ukutani na darini, amechora Dunstan St. Omer, ambaye ndiye pia aliyebuni ile bendera. Watakatifu wake ni weusi. Alipamba kwa ajili ya ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1986, Papa yuleyule aliyekuja kwetu Moshi mwaka 1990, nami nikasimama juani tangu alfajiri kumwona. Nilikaa kwenye benchi dakika kumi. Kama wewe ni mtu wa sala, zitenge dakika hizo kwenye hesabu yako.

Soko ni la tangu miaka ya 1890, na siku yake kubwa ni Jumamosi. Yetu ilikuwa Alhamisi na bado lilikuwa limechangamka. Pita haraka upande wa fulana na sumaku za friji. Nenda kwenye vyakula. Nilikuta magimbi na majani yake, muhogo, shelisheli, kungumanga, mdalasini, na kakao iliyosagwa ikafinyangwa vijiti, ambayo asubuhi wanaichemsha na viungo wakaiita chai. Nilikuta jiko la mkaa la udongo mwekundu, limefinyangwa kama vyungu vya Upare, na watu bado wanalipikia. Na nilikuta ndizi.

Mama mmoja wa rika langu, kitambaa kichwani, alikuwa amepanga chana za ndizi mbichi mezani. Nikamsalimia kwanza. Mwanangu akamweleza kwamba mimi nauza ndizi Afrika, chini ya mlima wenye theluji. Akaniangalia mikono. Mwenye kazi hii ana madoa ya utomvu kwenye vidole, hayatoki kwa sabuni, na yeye alikuwa nayo. Akanisogezea kigoda. Ndizi mbichi wao wanaiita "fig", na chakula cha taifa lao ni hizo zilizochemshwa, pamoja na samaki wa chumvi aliyekaangwa na vitunguu na pilipili hoho. Wanachemsha na maganda yake, wamepasua tu kidogo, ndimu ndani ya maji ndizi isiwe nyeusi. Sisi tunamenya kwanza na kuchafuka mikono. Nami nikamweleza mtori, nyama iliyochemka hadi ikalainika, ndizi zikapondwa humo. Akasema wana kitu cha jirani yake, bouyon, nyama na ndizi na magimbi na vidonge vya unga kwenye sufuria moja. Kuleni hapohapo sokoni, nyuma kuna akina mama wanaopika. Chakula cha melini hakiishi, kinaweza kusubiri usiku.

Cha kununua: vijiti vya kakao, kungumanga na mdalasini mkavu, sosi ya ndizi kwenye chupa iliyofungwa. Mkifika Florida mtaje kwa afisa wa forodha kila cha kula mlichobeba. Tunda bichi litachukuliwa mlangoni pa meli.

Na hapa niwaombe mama wenzangu wenye vihamba, mashamba yetu ya migomba. Mtashawishika. Mimi nilishawishika, yule mama alikuwa na ndizi fupi nene ambayo sijaiona Kilimanjaro nzima, na najua kuficha chipukizi kwenye kanga. Usichukue chipukizi, wala mbegu, wala udongo. Mnyauko wa Panama, ugonjwa wa migomba, unasafiri hivyo hivyo, kwenye mche na kwenye tope la soli, na ukishaingia ardhini dawa haipo. Mshare, ndizi yetu ya kupika, tayari inaugua aina moja ya mnyauko huo. Kuna aina nyingine kali zaidi iliyokutwa Msumbiji mwaka 2013. Mtu mmoja mwenye kiatu kichafu anatosha.

Saa tisa na nusu tulikuwa getini, tumekaa chini ya mti tunakunywa maji ya dafu, meli inaonekana. Usiku ule bafuni nilisugua soli za jozi zote tano za viatu vya familia kwa mswaki na sabuni hadi maji yakatoka meupe, kisha nikavikausha. Vyangu nilivyovaa siku ile nimeviacha Florida. Kihambani naingia na raba za huku.